Kabla hujaandika "dhaifu"

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kutafsiri nilimpa ugonjwa mtu aliyekuwa mzima wa afya. Nilikuwa nimekabidhiwa bunda la barua za wamisionari Waingereza wa karne ya 19. Katika barua moja mwandishi alimtaja mwanamke wa kanisani kwake kuwa "our frail sister", akawaomba wenzake wamkumbuke katika sala. Nikaandika bila kusita: "dada yetu mwenye afya dhaifu". Sentensi ilisomeka vizuri, hata nikajipongeza kimoyomoyo.

Mhariri wangu, mama mtu mzima aliyekwisha kuona makosa ya vijana wengi kabla yangu, aliyazungushia duara maneno hayo kwa penseli, akaniita.

"Mwanangu, huyu dada haumwi. Soma mbele."

Nikasoma mbele. Kumbe kulikuwa na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, na wazee wa kanisa walikuwa wamekaa kikao.

"Sasa niandikeje, mama?"

"Aliyeteleza."

Kwa Waingereza wa zama zile, "frail" akiitwa mwanamke lilikuwa neno la kufunika aibu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyatazama kwa jicho la pili maneno yote ya Kiingereza yanayotaja udhaifu, na ninyi mnaoanza kazi hii, au mnaosoma historia ya lugha chuoni, nawaombeni mfanye hivyo mapema kuliko nilivyofanya mimi. Hatari yake ni kwamba yanaonekana mepesi. Kamusi ndogo huyajibu yote kwa neno moja: "weak" dhaifu, "feeble" dhaifu, "frail" dhaifu, "infirm" dhaifu. Na hili dhaifu letu, tulilolipata kwa Waarabu, lina tumbo kubwa. Mgonjwa ni dhaifu, hoja ni dhaifu, imani ni dhaifu, na hata hadithi ya Mtume ambayo mnyororo wa wapokezi wake una kasoro huitwa hadithi dhaifu. Ukilitumia kila mahali hakuna atakayekukamata. Ila pia hutakuwa umesema kitu.

Nianze na hilo hilo lililonikwaza. "Frail" limetoka katika Kilatini "fragilis", lenye kitenzi cha kuvunja ndani yake, likapita vinywani mwa Wafaransa likachakaa njiani, herufi zikadondoka. Waingereza wakarudi tena baadaye wakalichota neno lile lile likiwa karibu na umbo lake la vitabuni, wakapata "fragile". Kwa hiyo hawa ni mapacha waliozaliwa karne tofauti. Darasani utafundishwa kwamba maana huanzia mwilini kisha ikapanda kwenye tabia, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Mapacha hawa wana vituko vyao. Kwa Waroma kilichovunjika kilikuwa chombo kweli, lakini maneno haya yalipofika Uingereza, mtu aliyeyumba mbele ya majaribu alikuwapo tangu mwanzo. "Frail" la karne ya 14 lilimhusu mno mwenye dhambi. "Fragile" nalo liliingia mwanzoni mwa karne ya 16 likimaanisha mtu mwepesi wa kukosa. Maana ya kitu cha kuvunjika, ile inayobandikwa leo kwenye maboksi ya vyombo, ilikuja kushika mizizi karibu mwaka 1600.

Ni karibu na mwaka huo huo ambapo Hamlet wa Shakespeare anamlalamikia mama yake kwa "Frailty, thy name is woman!" Nimeona wanafunzi wakiifanya kauli hiyo kuwa ya huruma, kwamba mwanamke ni kiumbe laini. Huruma iko wapi hapo? Mama huyo ni mzima kabisa, ameolewa na shemeji yake machozi ya msiba wa mumewe hayajakauka, na mwanawe anamshutumu kwa kutokuwa na msimamo.

"Weak" lina ukoo mwingine kabisa. Kiingereza cha kale kilikuwa na lake, "wāc", lakini hili tulilo nalo limetokana na "veikr" la watu wa Skandinavia waliohamia kaskazini na mashariki mwa Uingereza kuanzia karne ya 9. Ndugu yao Mjerumani bado anasema "weich" kwa maana ya laini. Picha iliyomo ni ya kitu kinachopinda, fito mbichi. Mswahili hana haja ya kuelezwa sana hapa, maana sisi tuna kulegea: kamba inalegea, goti linalegea, na mtu akishindwa kusimamia neno lake tunamwita mlegevu. Ninapokutana na "weak" la tabia najaribu kwanza "legevu" kabla ya "dhaifu", na mara nyingi linakaa. Halikai penye "the flesh is weak" ya Biblia ya Kiingereza ya 1611, kwa sababu Waswahili wengi wanaijua kwa moyo "roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu". Ukiibadilisha watakuona huna adabu. Msemo uliokwisha kukaa vinywani uache kama ulivyo.

(Mkisoma sarufi mtakutana na vitenzi vinavyoitwa "weak" pia. Hilo ni jina alilotoa Jacob Grimm mwaka 1819, yule yule wa ngano: kitenzi chenye nguvu hujibadilisha irabu kwa ndani, kisicho nazo huomba msaada wa kiambishi mwishoni. Msilitafutie maadili.)

Na "feeble"? Lina machozi ndani yake. Kilatini "flebilis" kilikuwa kitu cha kuliliwa, kutoka kitenzi cha kulia. Aliyestahili kuliliwa akageuka kuwa asiye na nguvu, na Wafaransa wakaidondosha "l" ya kwanza. Kutoka Kifaransa hicho hicho Waingereza walichukua pia "foible" katika karne ya 17, wakalipeleka kwenye mchezo wa panga: ndilo jina la sehemu ya upanga kutoka katikati kwenda ncha, inayoyumba ukiikingia pigo. Sehemu iliyo karibu na mpini, iliyo imara, ni "forte". Leo "foible" ni kasoro ndogo ya tabia ambayo rafiki huistahimili, na "forte" ni jambo unaloliweza hasa. Kumfanya mwenye "foible" kuwa "mdhaifu wa maadili" ni kumwonea. Mtu huyo pengine anapenda tu kusimulia safari zake mara tatu tatu.

"Coward" nalipita haraka, kwa kuwa limejengwa juu ya neno la Kifaransa cha kale la mkia, na sisi tuna kufyata mkia. "Faint" ni ndugu wa neno la kujifanya, yaani wa "feign". Mtu aliyejitia uchovu akaishia kuwa mchovu wa kweli, tena mwoga. "Puny" ni Kifaransa "puisne", aliyezaliwa baadaye, yaani mdogo wa cheo. Mahakama za kurithi sheria za Uingereza, Kenya ikiwemo, ziliwahi kuwa na majaji walioitwa "puisne judge", na waliobabaika ni wanasheria wapya waliosikia likitamkwa sawasawa na "puny", ambalo leo ni neno la kitoto kilichodumaa.

Lililonifundisha zaidi ni "silly". Katika Kiingereza cha kale lilikuwa neno la heri, aliyebarikiwa. Mjerumani bado analo, "selig", na humwita hivyo marehemu aliye peponi. Aliyebarikiwa akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa mnyonge, na kufikia karne ya 16 mnyonge akawa mpumbavu. Hakuna aliyekaa akaamua. Ni huruma tu iliyotazama chini muda mrefu mno. Jambo hilo lina mfano karibu na kwetu: "miskin" la Kiarabu lilipofika pwani ya Afrika Mashariki likawa "maskini", na mpaka leo tunalitamka kwa huruma tukisikia habari mbaya ya mtu. Neno lile lile lilivuka bahari nyingine, likapita Italia na Hispania, likafika Ufaransa likawa "mesquin": mtu wa roho ndogo, bahili wa moyo. Sisi tulibaki na huruma, wao wakachukua dharau.

Sasa "imbecile", na hapa naomba msiharakishe. Kilatini "imbecillus" ni asiye na nguvu za mwili, na Kiingereza cha karne ya 16 kililitumia hivyo hivyo. Mkikutana na mzee "imbecile" katika maandishi ya wakati huo, ni kikongwe tu. Karibu na mwaka 1800 maana ilihamia kwenye akili, na karne moja baadaye sheria ikaikamata. Sheria ya Upungufu wa Akili ya Uingereza ya mwaka 1913 iliwapanga watu katika makundi manne: "idiots", "imbeciles", "feeble-minded persons" na "moral imbeciles". Tazameni la mwisho. Neno lililokuwa la miguu isiyobeba mwili limeoanishwa rasmi na tabia, na daktari anaweza kulitia sahihi. La tatu nalo limebeba lile "feeble" la machozi. Sheria hiyo ilitaja pia mwanamke anayepokea msaada wa maskini huku ana mimba au amejifungua nje ya ndoa: akihesabiwa kuwa na upungufu, angeweza kufungiwa kwenye taasisi. Ni yule yule dada wa barua yangu. Kizazi kimoja kilimwita "frail" kikamwombea; kilichofuata kilikuwa na fomu ya kujaza. Sheria hiyo ilikuja kufutwa kwa sheria ya afya ya akili ya mwaka 1959.

Marekani ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya huko iliruhusu jimbo la Virginia limfunge kizazi Carrie Buck, msichana aliyezaa baada ya kubakwa, na jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya "imbeciles" vinatosha. Mtafsiri akiweka "wajinga" hapo amekosea, akiweka "wadhaifu" amekosea vilevile. Mimi huliacha neno la Kiingereza lilivyo, kisha nalieleza mara moja kwamba lilikuwa cheo cha kitabibu cha wakati huo. Kuna wahariri wasiopenda njia hiyo. Nabishana nao.

Halafu pima cheo cha mhusika. Mwaka 1869 daktari wa New York, George Beard, alieneza jina "neurasthenia", udhaifu wa neva, kwa Kigiriki cha "asiye na nguvu". Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa kikoloni waliliongezea neno "tropical", yaani la nchi za joto, na maofisa na walowezi wa Kizungu waliochoka, waliokasirika ovyo au walioshindwa kazi, hapa Afrika Mashariki pia, walipewa jina hilo na likizo ya kurudi kwao. Katika majalada hayo hayo, Mwafrika aliyeacha kazi aliandikwa "lazy". Ukitafsiri bila kulitazama hilo utadhani unasoma habari za magonjwa mawili.

Kuna nyakati udhaifu wa Kiingereza si wa mwili wala wa tabia. Azimio la Arusha la 1967 linasema: "Unyonge wetu ndio uliotufanya tuonewe, tunyonywe na kupuuzwa." Tafsiri yake ya Kiingereza imeweka "weakness" mahali pa unyonge, na haikuwa na budi, lakini somo ni kwa anayerudi upande wetu: "weakness" katika matini ya siasa huenda ikawa unyonge, kukosa uwezo mbele ya mwenye nguvu, bila kasoro yoyote ya mwenye nao.

Vifaa vya kazi ni vichache. Oxford English Dictionary, iliyotoka kwa vipande tangu 1884 hadi 1928 na bado inahuishwa, hupanga maana kwa umri na kuweka nukuu zenye tarehe. Usisome maana, soma tarehe: tafuta iliyo karibu na mwaka wa matini yako. Historical Thesaurus, iliyoanza Glasgow mwaka 1965 ikachapwa 2009, hukuonyesha maneno yote yaliyokuwa yakishindania wazo moja katika karne fulani, na hapo ndipo utajua kwa nini mwandishi alichagua "frail" akaacha "weak". Mimi nina daftari la kawaida la shule pia. Kila neno lina ukurasa, na kila ukurasa una mwaka, nani anasema, na anamsema nani. Safu ya mwisho ndiyo iliyojaa kuliko zote.

Juzi juzi "frailty" ilinirudia kwa mlango mwingine. Nilipewa karatasi ya maelezo ya kliniki ya wazee. Kwa madaktari neno hilo sasa ni la vipimo: tangu mwaka 2001 Linda Fried na wenzake wanahesabu dalili tano, yaani kupungua uzito bila kukusudia, kuchoka mno, mkono kushindwa kukaza, mwendo wa polepole na kushughulika kidogo. Mwenye tatu au zaidi ndiye "frail". Hapana dhambi tena. Nikaandika "udhaifu wa uzeeni", nikampelekea bibi mmoja jirani aisome kwanza, kama nifanyavyo na karatasi za afya.

"Shikamoo bibi, umeionaje?"

"Marahaba. Nimeisoma. Lakini mbona hamjasema nimefanya kosa gani?"

Tukaandika "mwili kuishiwa nguvu za akiba". Ni refu, halikuenea kwenye kichwa cha karatasi, ikabidi mchapaji apunguze herufi.