Msimfungie ndani kaka yako
Pole sana dada. Umesema kaka yako hapo Nyalenda anakunywa chang'aa kila siku, ada ya kituo cha urekebishaji imewashinda, na kikundi cha kanisa kinataka kumfungia ndani mpaka aache. Tafadhali msimfungie! Aliyezoea pombe miaka mingi akiikosa ghafla anaweza kupata degedege au kuweweseka ndani ya siku 2 au 3, na wengine hufa. Hospitali kwanza. Pigeni 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure.

Kikundi kina kazi kubwa bado: nauli, chakula, kuketi naye kila wiki. Eldoret, utafiti wa AMPATH, mpango wa huduma za afya wa huko, ulionyesha washauri wasio wataalamu, wakifunzwa vizuri, huongoza vikao vinavyopunguza unywaji. Mikutano ya AA, yaani Alcoholics Anonymous, kundi la watu wanaosaidiana kuacha pombe, nayo haina ada.