Swali la lugha: Je, “kituo cha gesi” ni tafsiri sahihi?

Msomaji wetu wa Mikindani ameona filamu ya Kimarekani yenye maandishi ya Kiswahili, ambamo dereva analalamika kuwa “gesi imeisha”, kisha anasukuma gari lake hadi “kituo cha gesi”. Anauliza iwapo tafsiri hiyo inakubalika, na neno gesi lenyewe limetoka wapi.

Tafsiri hiyo haikubaliki. Mfasiri amekutana na neno la Kiingereza “gas”, akalipa maana moja tu anayoifahamu, ilhali Mmarekani analitumia mara nyingi zaidi kwa maana ya petroli.

Asili ya neno hili inajulikana vizuri kuliko ya maneno mengi, kwa sababu lilibuniwa na mtu mmoja, Jan Baptist van Helmont, tabibu wa Brussels aliyefariki mwaka 1644. Katika maandishi yake yaliyochapishwa na mwanawe mwaka 1648, anaeleza kuwa ratili 62 za mkaa zikiungua huacha ratili 1 tu ya majivu. Ratili 61 zilizobaki, alisema, huondoka kama kitu kisichoonekana ambacho hadi wakati huo hakikuwa na jina, naye akakiita “gas” kwa kulifuatisha neno la Kigiriki “chaos”, lililomaanisha uwazi mtupu wa kale. Anayeshangaa ufanano huo uko wapi na akumbuke kwamba Waholanzi hutamka g kwa kukwaruza koo, karibu na kh ya Kiarabu.

Petroli iliingiaje humo? Katika karne ya 19 mafuta mepesi yanayogeuka mvuke upesi yalipewa jina “gasoline”, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani wakalikata, likabaki “gas”. Waingereza hawakuwafuata, wao walishika “petrol”, tuliyoipokea sisi. Kiingereza kina matumizi mengine pia, kama vile porojo za mtu asiyenyamaza, lakini hayo hayakuvuka kuja kwetu.

Kiswahili kililipokea neno hilo kwa kugeuza irabu yake kuwa e, kama kilivyofanya katika benki, begi na teksi, na kuliongezea i mwishoni. Maana tuliyoibakiza ni ile ya van Helmont: gesi tumboni, gesijoto, gesi asilia. Hata hapo neno hewa, lenye asili ya Kiarabu, halikung’olewa, ndiyo maana tunasema hewa ukaa. Mabomu ya machozi nayo, ambayo kwa Kiingereza ni “tear gas”, hayakuhitaji neno gesi kabisa, na kwa maoni yangu hiyo ni tafsiri bora kuliko nyingi za kamusi.

Huku kusini kosa la mfasiri linaonekana haraka zaidi. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2015 bomba kubwa linaisafirisha kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, ambako yapo magari yanayojazwa gesi kwelikweli katika vituo vya gesi. Msomaji wa Lindi akisoma maandishi yale, atadhani dereva wa filamu anaendesha gari la aina hiyo. Tena tuna utata wetu wenyewe: gesi ya Mnazi Bay kwa sehemu kubwa ni metheni, ilhali ile ya mtungi wa jikoni ni propeni na buteni, nayo huletwa nchini kwa meli. Anayeandika kuhusu bei, kwa mfano, aseme “gesi asilia” au “gesi ya mitungi”, asimwachie msomaji kazi ya kukisia.

Maandishi ya filamu yangepaswa kusomeka “mafuta yameisha” na “kituo cha mafuta”. Kwa kuwa dereva anazungumza na rafiki yake, “sheli” ingefaa zaidi, na pale Mmarekani anapohimizwa aongeze mwendo kwa neno lilelile “gas”, sisi tunasema “kanyaga mafuta”.