Wakala Anasema Nafasi Imepatikana: Kuchagua Uzamili wa Kemia Ughaibuni

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimehitimu shahada ya kwanza ya kemia na ningependa kuendelea na kemia ya uchanganuzi, hasa upimaji wa mabaki ya viuatilifu katika vyakula. Wakala amenipatia nafasi Uingereza, katika chuo kilicho juu sana kwenye orodha za ubora duniani, ila anataka nilipe sehemu ya ada ndani ya wiki mbili. Kaka yangu ananishauri niende Ujerumani, ambako masomo ni bure. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba. Kila msimu wa udahili hupokea swali hili, na karibu kila mara limesindikizwa na wakala mwenye haraka pamoja na orodha ya ubora. Orodha hizo hupima chuo kizima, kuanzia sheria hadi udaktari, wala hazikuambii kama mwanafunzi wa uzamili ataruhusiwa kuiendesha mashine ya maabara kwa mikono yake, jambo ambalo katika fani yako ndilo kubwa. Kwa kiuatilifu kisichopangiwa ukomo wake maalumu wa mabaki, Umoja wa Ulaya huruhusu miligramu 0.01 tu kwa kilo ya chakula. Kiasi kidogo namna hiyo hupimwa kwa kromatografia (mbinu ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika) iliyounganishwa na spektrometa ya masi (mashine inayozitambua kwa uzito wa chembe zake), na ufundi wake haupatikani bila kwanza kuharibu sampuli nyingi.

Kwa hiyo soma mtaala. Uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja wenye krediti 180 (vipimo vya wingi wa kazi ya masomo), na kati ya hizo takribani 60 ni za mradi. Wa Ujerumani ni miaka miwili yenye krediti 120 za Ulaya, na tasnifu huchukua 30. Kwa hesabu miradi hiyo inalingana, kwa kuwa krediti mbili za Uingereza ni sawa na moja ya Ulaya, lakini wa Uingereza mara nyingi hubanwa katika miezi michache ya kiangazi, na mashine ikiharibika mwezi Julai hakuna wa kukurudishia muda. Niliwahi kumwandikia barua ya mapendekezo kijana ambaye, alipofika chuoni, aligundua kuwa "mradi" wake ulikuwa mapitio ya machapisho tu. Mwandikie mratibu wa programu, umwulize wanafunzi wa mwaka jana walifanya miradi gani na katika maabara ya nani.

Kuhusu Ujerumani, kaka yako yuko sahihi kwa sehemu. Vyuo vingi vya umma havitozi ada, lakini jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wageni wa nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na viza huhitaji uthibitisho wa fedha za kujikimu, ambazo mwaka 2024 zilipandishwa hadi yuro 11,904 kwa mwaka. Wengi hukwama hapo, si kwenye alama.

Wakala hatakueleza hayo, kwa sababu mawakala wengi hulipwa kamisheni na vyuo vinavyotoza ada, na chuo kisichomlipa hakimo katika orodha yake. Hatakuambia pia kwamba idara nyingi za kemia Marekani huwapokea wenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, zikiwalipia ada na kuwapa posho kwa kufundisha maabara. Anachokiita "udahili wa uhakika" mara nyingi ni barua yenye masharti, ambayo ungeipata mwenyewe kwa kujaza fomu ya chuo jioni moja. Fedha ya awali, ikishalipwa, mara nyingi hairudi yote.