"Fine" ya bosi wako

Umeuliza kwa nini bosi alijibu pendekezo lako kwa neno moja tu, "Fine.", kisha akaonekana amenuna. Ndugu, hapo hakukusifu. Neno hilo likisimama peke yake, tena na nukta, mara nyingi ni "haya basi, fanya utakavyo". Angeridhika, pengine angeandika "That's fine, thanks". Ila maandishi hayana sauti, kwa hiyo usimhukumu bado. Muulize kama kuna la kurekebisha.

Jihadhari zaidi na "I'm fine". Kwenye salamu ni "sijambo", yamekwisha. Lakini ukikaribishwa kinywaji ukajibu "I'm fine, thanks", umekataa, na glasi itapelekwa kwa mwingine. Hili linawanasa wengi!

Kwa vitu, "fine sand" ni mchanga wa chembe ndogondogo, na "fine print" ni yale maandishi madogo ya mkataba (yasome). Faini ya kulipa nayo huandikwa hivyohivyo.

Ukitaka kumsifu mwenzako, usimwambie "It's fine". Ataelewa kwamba kazi imepita kwa shida. Sema "a fine piece of work", hapo umempandisha kweli.