Ukificha jiokeshi karibu na miche, hesabu miguu kwanza

Kisanduku cha nusu lita hakiui mche. Kinachoua ni miguu ya wanaokitafuta. Ukitaka kuficha jiokeshi, yaani kisanduku cha mchezo wa kutafuta kwa GPS, jirani na miti iliyopandwa na kikundi cha mtaa hapa Malindi, anza hesabu zako hapo.

Kwa asiyeujua mchezo huu: mmoja anaficha kisanduku chenye daftari na kuweka majiranukta yake (namba zinazoonyesha mahali kilipo) mtandaoni, mwingine anakitafuta kwa GPS ya simu, anatia sahihi, anakirudisha palepale. Ulianzia Marekani tarehe 3 Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya huko kuacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia.

Penye uwazi, simu nzuri hukosea mita tatu hadi tano. Chini ya mwembe mkubwa, au kati ya kuta na mapaa ya mabati, mawimbi hugonga na kurudi, na kosa hufika mita kumi au zaidi. Tena kosa lako wakati wa kupima huongezeka juu ya kosa la mtafutaji. Kwa hiyo usifikirie nukta, fikiria duara. Pima hatua zinazofika mita 15 kila upande wa mficho, kisha tazama kilichomo. Ukiona miche michanga, matuta au mipira ya kumwagilia, hama. Udongo ukikanyagwa hushindiliwa. Maji na hewa havipenyi, mizizi hubaki juujuu, na jua la kaskazi likija mche unakauka hata kama unanyweshwa.

Mahali pazuri ni pale ambapo watu wanapita tayari: chini ya benchi, nyuma ya nguzo ya kibao, kando ya njia iliyokwisha kukanyagwa. Kuchimba shimo bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi ni marufuku kwa kanuni za mchezo wenyewe, na kuharibu mti kwa misumari pia. Waya ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani kuwa na kosa. Ukiufunga kwenye mwarobaini mchanga, mwezi wa kwanza hakuna neno. Shina likinenepa, waya unazama kwenye gome, chakula kinachoshuka kutoka majanini kinakatika, na mizizi inakufa njaa. Ukuta wa mawe ya matumbawe nao uache. Wa kwanza atachomoa jiwe moja, na wa kumi atakuta pengo.

Ruhusa iombe kwa kikundi na kwa mwenye ardhi, halafu mwambie mzee wa mtaa, mlinzi, na vijana wa bodaboda wa kituo kilicho karibu. Hili si adabu tu. Mgeni anayeinama nyuma ya kibao akipapasa kitu huleta wasiwasi, na pwani yetu ina sababu ya kuwa macho. Tumia chombo kinachoonyesha kilichomo, ubandike maandishi ya Kiswahili: “Kisanduku cha mchezo. Hakina hatari. Tafadhali kirudishe.” Kwenye maelezo ya mtandaoni, weka alama ya mchana tu.

Chombo kiwe cha chakula, chenye mpira kwenye kifuniko na vishikizo pande nne. Kopo la bati litaliwa na chumvi ya bahari, na kopo la majarini hukauka kwa jua na kupasuka. Kijaribu kabla: weka karatasi kavu ndani, kizamishe kwenye ndoo kwa saa moja, na karatasi itoke kavu. Miongozo mingi ya nje husema daftari litiwe kwenye mfuko wa plastiki wa kufungika. Kwetu Kenya mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo tumia kichupa kidogo chenye kifuniko cha kuzungusha. Weka penseli, kwani wino huvuja kwa joto. Chakula kisiwemo kabisa. Siafu na tumbili watakifikia kabla ya mtu yeyote. Mchele wa kukausha unyevu pia huota ukungu.

Majiranukta ndiyo hutia watu baharini, na hapa si kwa mfano. Mtandao wa mchezo hutumia digrii na dakika zenye desimali: S 03° 13 na desimali tatu. Simu nyingi huonyesha digrii tupu, kama -3.217, 40.117. Ukiandika S 03° 21.7, E 040° 11.7, umemtuma mtu majini, mbele ya Watamu. Zidisha desimali ya digrii kwa 60 upate dakika: 0.217 ni dakika 13.02. Ukiweka N (kaskazini) badala ya S (kusini), umempeleka upande wa Mandera, zaidi ya kilomita 700. Kila hatua moja ya desimali ya tatu ya dakika hapa kwetu ni kama mita 1.85, kwa hiyo pima mara tano au sita, siku tofauti, simu ikiwa imetulia dakika chache, kisha tafuta wastani.

Hakikisha hakuna jiokeshi nyingine ndani ya mita 161, la sivyo mkaguzi wa mtandao wa mchezo ataikataa.

Ikague kila mwezi, na lazima mwishoni mwa Machi kabla ya masika. Waombe wageni wasiimwagie miche maji bila kuuliza, maana visima vya karibu na ufuo vina chumvi. Na kikundi kikipanda safu mpya ndani ya lile duara, sitisha kisanduku mtandaoni siku hiyohiyo, ukiondoe, kisha upime upya.