Ukianza kusoma nyota wa kike wa sinema bubu ya India

Kabla hujaitazama sura ya mwigizaji, tafuta jina lake. Sulochana, aliyetamba Bombay miaka ya 1920, jina lake halisi ni Ruby Myers, Myahudi aliyekuwa akiunganisha simu za watu kabla ya kuingia studio. Seeta Devi ni Renee Smith. Andika majina yote mawili kwenye kadi moja, na tahajia zake zote, la sivyo magazeti mengi ya wakati ule yatakupita. Tazama na miaka pia: yupo Sulochana mwingine wa baadaye, na wageni huwachanganya hao wawili.

Majina hayo yana chanzo. Mwaka 1913 mtengeneza filamu Phalke alikosa mwanamke wa kuigiza malkia katika filamu yake Raja Harishchandra. Hata kwenye madanguro alikataliwa. Akamchukua Anna Salunke, mwanamume wa jikoni, na mwaka 1917 huyohuyo akawa mungu Rama na pia mkewe Sita ndani ya filamu moja. Durgabai Kamat na bintiye Kamlabai walijitokeza kuigiza mapema, ila familia nyingi zenye kujiheshimu ziliendelea kuona haya. Nafasi wakaishika wasichana wa Kiyahudi na wa damu ya Kizungu na Kihindi, wakavishwa majina ya Kihindu. Filamu ikiwa bubu, nani angesikia lafudhi? Ilipokuja Alam Ara, filamu ya kwanza ya India yenye maneno ya kusikika, Machi 1931, Ruby Myers ilimbidi ajifunze Kihindustani.

Panapoharibu kazi za wengi ni mwendo wa mkanda. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 16, yaani picha moja moja. Rili, yaani gurudumu la mkanda, ya futi 1,000 ikienda fremu 16 kwa sekunde inachukua karibu dakika 17. Kwa fremu 24, dakika 11 tu. Filamu iliyopigwa kwa 16 ikionyeshwa kwa 24, bibi harusi anayeinamisha kichwa taratibu anaonekana kama kashtuliwa na nyuki, nawe unaandika kwamba "uigizaji ulitiwa chumvi". Punguza mwendo mpaka maji yaanguke kama maji, nguo ipepee kama nguo. Ndipo upime aibu, madaha na ukali wa mwigizaji.

Filamu nyingi zimepotea, kwa hiyo utategemea picha za matangazo. Hizo zilipigwa kwa kamera nyingine, mwigizaji kasimamishwa atulie. Usiziandike kama tukio la ndani ya filamu.