Anti, yule mama aliwaambia nini mpaka wakachanja?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi ni Mkongo, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Tanzania, sasa niko Houston nafanya kazi nyumba ya kulea wazee na wenzangu wengi ni Wamexico na Wahonduras. 2021 chanjo ya korona ilipokuja walikataa kabisa, sisi tukawa tunasema hawa hawana elimu. Alafu akaja mama mmoja, sio nesi sio daktari, wanamwita promotora, yani mhamasishaji wa afya wa mtaani, akawa anakula nao mchana, baada ya wiki kadhaa karibu wote wamechanja. Na mimi nataka kuifanya kazi ile kwa Wakongo wenzangu. Aliwaambia nini? – Mama Furaha

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la elimu liache kwanza, wengi wao sindano hawakuwa na shida nayo, walichoogopa ni kuandikwa majina. Mwaka huo nilikuwa nachanja ukumbi wa kanisa hapahapa Texas, akaja baba mmoja viatu bado vina saruji, kashika bahasha imejaa bili za umeme, na hakuuliza inauma au ina madhara gani, kauliza "mtanidai karatasi?" yani za uhamiaji. Na alikuwa na sababu! Serikali ya Trump ilileta kanuni, ikaanza kutumika Februari 2020, kwamba ukitumia misaada kama Medicaid, yani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, au ya chakula unaweza kunyimwa grinikadi, kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja. Chanjo haikuwemo humo, ilikuwa bure hata kama huna bima, na kanuni yenyewe iliondolewa Machi 2021, lakini nani alienda kumwambia fundi saruji kwa Kihispania?

Promotora ndo alimwambia. Alimvuta pembeni, akamwambia naishi mtaa wa nyuma hapo, kaka yangu yuko kama wewe na kachanjiwa meza ile pale, wakaandika jina na tarehe ya kuzaliwa basi. Alafu akamuuliza, kesho una kazi? Maana ukipata homa ukalala nyumbani, kibarua cha siku hiyo hulipwi. Akampangia arudi Jumamosi jioni, homa ikija imkute Jumapili. Mimi na unesi wangu wote sikuwahi kumuuliza mtu swali hilo, na nadhani tulipoteza wengi kwa sababu hiyo tu.

Wale wadada waliosikia chanjo inaua kizazi hakubishana nao, alikaa akasikiliza mpaka mwisho, akauliza nani kakwambia, akaenda na kwa huyo shangazi aliyesema.

Kwa upande wako, Texas walipitisha sheria ya cheti cha kazi hii 1999, ndo jimbo la kwanza kufanya hivyo, mafunzo ni masaa 160 na idara ya afya ya jimbo ina orodha ya wanaofundisha. Ila usisubiri cheti. Jumapili hii baada ya ibada kaa na wamama wa kwaya, waulize wanatoka kazini saa ngapi na nani anawaachia gari.